Nimefungwa dhumna, hawakuniinua

Jumapili, mwaka wa thelathini na moja tangu nihame Malindi, nami nimerudi kutembea. Leo nimefungwa dhumna na hakuna aliyenitukana.

Ngojeni niwaeleze.

Barazani kwetu sheria ni moja: wawili wakifungwa huinuka kuwapisha wengine, na huinuki bila kuzomewa.

Nimecheza na Athmani, mwenzangu tangu ujana. Nikaweka kipande kibaya, nikamfungia njia yeye mwenyewe. Zamani angenirukia: "We punda, macho umeyaacha wapi?"

Leo kasema polepole, "Haidhuru, bwana."

Haidhuru! Athmani huyu!

Tukafungwa. Athmani akainuka, wakamshukia: "Ondoka, mzigo wewe! Nenda kawapikie wajukuu uji!" Akacheka mpaka akakohoa.

Nami nikainuka, nikingojea yangu.

"La, la, wewe kaa," wakasema wote. "Mgeni hainuliwi." Wakanitilia kahawa nyingine.

Nikakaa. Ningefanya nini? Nyinyi mlio mbali na kwenu, niambieni.

Nilikuja kuangalia kama bado mimi ni mwenzao. Kesho asubuhi naondoka, na sitarudi tena.