Sauti ya Mwanamke Getini kwa Nkwabi

Nkwabi alikuwa amekoboa mpunga Masumbwe kwa miaka ishirini na sita, na mashine ilikuwa imemwachia vitu viwili: nyumba ya bati yenye geti la chuma, na masikio mabovu. La kulia lilikuwa limekufa kabisa. La kushoto lilibaki na uhai kidogo, kama redio yenye betri zilizochoka. Hakumwambia mtu. Alijifunza kutazama midomo, kucheka wengine wanapocheka, na kusema "ni kweli kabisa" kila alipopotea katikati ya mazungumzo.

Shida ilikuwa hodi. Watu walisimama getini wakapiga hodi mpaka makoo yakakauka, kisha wakaondoka wakisema mtu akishapata geti anaanza kuringa. Mkewe Apolonia alipokuwepo, yeye ndiye aliyeitikia. Lakini mwezi wa sita dada yake alivunjika nyonga akalazwa hospitali ya Kolandoto, na Apolonia akafungasha kanga zake akaenda kumuuguza. Nkwabi akabaki peke yake na geti lake.

Ndipo akapanda gari kwenda Kahama, kwenye duka la Deusdedit, muuza vifaa vya umeme mwenye kitambi na maneno mengi. Deusdedit akampangia kengele tatu juu ya meza.

"Hii ya kwanza ni ya waya, inalia kwa sauti kubwa sana."

"Ni kweli kabisa," Nkwabi akasema, akaisukuma pembeni.

Ya pili ilikuwa ndogo kama kifuniko cha soda. Ya tatu haikuwa na waya, ilichajiwa kama simu, na ilikuwa na jicho la kamera. Mtu akiibonyeza, simu ya mwenye nyumba inatetemeka popote alipo, na uso wa mgeni unaonekana kwenye kioo. Nkwabi alitumbukiza simu ya Deusdedit kwenye mfuko wa shati lake akamwomba abonyeze. Abonyeze tena. Mara ya tano alitabasamu kama mgonjwa aliyeambiwa hana ugonjwa.

"Nipe hiyo hiyo, mwanangu."

Deusdedit akamwelekeza habari za kisanduku cha intaneti chenye laini ya simu, akamwekea programu, halafu akaongeza jambo moja kuhusu lugha. Nkwabi akalijibu kwa "ni kweli kabisa" na kuaga.

Aliifunga mwenyewe kwenye nguzo ya geti, kwa dreli ya kuazima. Mara ya kwanza aliiweka chini mno, siku nzima akawa anatazama matumbo ya watu na mbuzi mmoja aliyekuja kuilamba. Akaipandisha. Juu yake akaandika kwa rangi nyekundu: BONYEZA HAPA.

Asichokijua, kwa kuwa hakuwa na sikio la kumjulisha, ni kwamba kengele ile ilikuwa inaongea. Mtu akibonyeza na asijibiwe upesi, sauti ya mwanamke, nyororo, ilitoka kwenye nguzo, ikasema maneno kadhaa ya Kichina, ikanyamaza.

Wa kwanza kuisikia alikuwa Eunice, jirani wa ng'ambo ya barabara. Alibonyeza, akasubiri, akasema kwa adabu, "Mwangaluka!" Salamu yake ya asubuhi ikajibiwa kwa Kichina. Eunice alirudi nyuma hatua tatu, akalitazama geti, kisha akaondoka kwa mwendo wa mtu anayejizuia asikimbie.

Hadi jioni kitongoji kizima kilishajua: Nkwabi ameoa Mchina. Kuwaona Wachina hakukuwa jambo geni, maana wale wa machimboni walipita hapo mara kwa mara kununua mchele. Kilichoshangaza watu ni kwamba mmoja wao amekubali kuishi na Nkwabi, tena hatoki nje. Wengine walisema ni haya ya bibi harusi.

Wakaanza kuja kumsalimia. Nkwabi, pale mashineni, simu ikimtetemeka kifuani, aliwaona mmoja baada ya mwingine: Eunice na sahani ya karanga, wanakwaya wawili wakiwa na sare zao, mzee mmoja na kuku kwapani. Wote waliinamisha vichwa mbele ya kengele, wakasema jambo, wakatega sikio, wakatabasamu. Machozi yalimlengalenga. Kumbe watu walimpenda kiasi hiki, tena kwa kengele tu!

Ikabidi Mayala aitwe atafsiri. Aliwahi kuwa dereva wa Wachina miaka miwili, na Kichina chake kilikuwa maneno manne: njoo, haraka, hapana na chakula. Lakini alikuwa ameshajisifu mno hata asiweze kurudi nyuma. Alibonyeza, akasikiliza akiwa amefumba macho, kisha akawageukia watu.

"Anasema karibuni. Ametoka mbali, anaomba mumvumilie. Na chakula cha huku kinamsumbua tumbo."

Eunice akaenda kupika uji.

Kesho yake Zipora, mwenyekiti wa kitongoji, alikwenda mashineni na daftari lake. Mashine ilikuwa inanguruma na pumba zinaruka.

"Baba Juliana! Unaleta mgeni mpya nyumbani bila kutoa taarifa?"

Nkwabi alidaka neno "mpya" kwenye midomo yake, akafurahi. "Ndiyo! Nimechagua mwenyewe, Kahama. Zilikuwa tatu."

"Watatu?"

"Tatu! Ya kwanza ilikuwa na makelele, nikaikataa. Hii imetulia. Ukiigusa tu, naisikia hapa." Akajipiga kifuani.

Zipora aliandika, akafuta, akaandika tena. "Na Mama Juliana anajua?"

"Ni kweli kabisa."

Zipora aliondoka amenuna. Kilichomuudhi, aliwaambia wenzake, wala si ndoa yenyewe. "Mwanamke wa watu anamwita 'hii'! Anamwita 'ile'! Mtu ametoka kwao huko kote, anafika Masumbwe anakuwa debe!" Hapo hapo akampigia simu Apolonia.

Apolonia alishuka kwenye basi siku iliyofuata, mchana kweupe, begi kichwani. Watu walimfuata kwa mbali, wakijifanya wana safari zao. Alipofika getini aliikandamiza kengele kwa dole gumba kama anayeua kupe. Nguzo ikasema Kichina chake.

"Dada," Apolonia akasema, "nimekuja kwa amani. Sufuria unazopikia ni zangu. Fungua."

Akabonyeza tena. Maneno yale yale, kwa upole ule ule.

"Anasemaje?" akamgeukia Mayala.

Mayala alilamba midomo. "Anasema... shikamoo, dada."

"Marahaba," Apolonia akaitikia kabla hajajizuia.

Kule mashineni Nkwabi aliuona uso wa mkewe kwenye simu, furaha ikampanda. Akagusa alama ya kuongea, akapaza sauti kama wasemavyo watu wasiosikia sauti zao wenyewe: "MAMA JULIANA! KARIBU NYUMBANI! UNAIONAJE? NZURI, SIYO?"

Sauti ikatoka kwenye nguzo. Watu wakashika vichwa.

"Baba Juliana! Kumbe umo humo naye!"

"NI KWELI KABISA!"

Apolonia akavua kiatu, akaanza kulipiga geti. Kwenye kioo Nkwabi aliona mdomo wazi na mkono ulioinuliwa, akaelewa kwamba hiyo si furaha. Alizima mashine akatoka mbio, mweupe kwa vumbi la pumba kuanzia nywele hadi kandambili, simu mdomoni, bado anapaza sauti. Sasa Nkwabi alisikika mbele, ndani ya nguzo, na nyuma, barabarani. Eunice ndiye aliyemwona kwanza, akapiga yowe.

Apolonia aligeuka. Alimtazama mumewe, akaitazama nguzo, akaitazama ile simu. Akashusha kiatu. Akamsogelea, akasema polepole, uso kwa uso, "Yuko wapi mwanamke?"

"Mwanamke yupi?"

"Anayeongea getini."

Nkwabi aliwatazama watu, akaitazama kengele. "Kwani inaongea?"

Hakuna aliyecheka. Zipora alifunga daftari lake taratibu. Watu walianza kukumbuka, kila mmoja kivyake, hodi alizopiga hapo miaka yote, na maneno aliyoyasema alipoondoka.

"Kumbe husikii," Eunice akasema.

"La kulia limekufa," Nkwabi akajibu, macho chini. "La kushoto linasikia radi."

Apolonia alijua masikio ya mumewe yamepungua, hakujua yamekwisha. Hasira mpya ikampanda. "Kwa hiyo mimi ninavyoongea humu ndani mwaka mzima, hunisikii?"

"Nakuona," Nkwabi akasema.

Watu walipomtafuta Mayala wamuulize habari za tumbo la Mchina, alikuwa ameshakata kona.

Jioni ile walimpigia Deusdedit. Akasema Kiswahili hakimo kwenye kengele, hilo alimweleza Nkwabi mapema, lakini mtu anaweza kurekodi sauti yake mwenyewe. Apolonia alirekodi mara saba mpaka akaridhika:

"Hapa ni kwa Nkwabi na Apolonia. Hakuna mwanamke mwingine. Mwenye nyumba haringi, hasikii. Simama akuone uso, kisha umngoje. Akifika, sema naye upande wa kushoto, na usimwambie jambo la maana mashine ikiwa inawaka."

Jumatatu alirudi Kolandoto kwa dada yake. Watu wanaokwenda gulioni wakaanza kubonyeza bila kuwa na haja yoyote, kumsikiliza tu. Nkwabi husimamisha kazi kila mara, akatoa simu, akamkuta mtu amesimama getini kwake anacheka peke yake. Humpungia mkono, ingawa huko getini hakuna anayemwona.