Jumamosi Mamdogo Zuhura Aliponiacha Sinema

Harufu ya asumini ikichanganyika na njugu za kukaanga hunikausha mate mpaka leo. Wenzangu huwakumbusha harusi. Mimi hunirudisha kwenye kiti cha mbao cha kukunja, gizani, miguu haifiki chini, nimebana mkojo kwa sababu nimeambiwa nisiinuke.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa mtaa wa Ngamiani, na tuliishi na Mamdogo Zuhura, mdogo wake mama, msichana wa miaka kumi na tisa, mcheshi wa kutuvunja mbavu. Siku zile alikuwa hacheki. Ijumaa iliyokuwa ikija angeozwa kwa mfanyabiashara wa nazi wa Pangani, mtu aliyefiwa na mke, mwenye watoto waliomzidi Mamdogo umri. Baba alikwisha kuikubali posa na hakutaka kusikia neno jingine.

Jumamosi alasiri sinema ya mjini ilionyesha picha za Kihindi kwa wanawake peke yao. Mamdogo aliomba aende mara moja tu kabla hajawa mke wa mtu. Mama alikubali, lakini akasema, "Nenda na mtoto." Nilirukaruka kwa furaha. Sikujua kwamba nimetumwa kuwa mlinzi.

Njiani niliona amebeba kifurushi cha kanga chini ya buibui. Nilipomwuliza, akasema ni nguo za kupeleka kwa fundi.

Ukumbi ulijaa mabuibui na sari, watoto wachanga wakilia, kila kichwa kinanukia asumini. Sikujua Kihindi hata neno, lakini picha ilieleweka: msichana mwenye macho makubwa alimpenda kijana maskini, na baba yake hataki. Wanawake walilia kwa sauti, wengine wakimtukana yule baba kama vile anawasikia. Mamdogo hakulia. Alikuwa akiutazama mlango.

Kwenye picha mvua ikaanza kunyesha. Msichana akajitanda, akatoka nyumbani kimyakimya, akimwacha mdogo wake amelala. Hapo Mamdogo akaniinamia sikioni.

"Naenda chooni. Usiinuke hapa, hata jengo likiwaka moto."

Akanipa njugu zake zote, akapenya katikati ya magoti ya watu, akatoweka.

Neno "moto" liliniharibu kabisa. Kila dakika nilinusa moshi. Njugu nilizishika tu mkononi. Mama mmoja wa Kihindi aliyekaa kiti cha pili akaniinamia.

"Mama yako iko wapi?"

"Chooni."

Baada ya nyimbo mbili akauliza tena. "Bado chooni?" Niliitikia kwa kichwa. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akanisogezea upindo wa sari yake nijifunike.

Yule msichana akafika mtoni. Maji yalikuwa meusi, radi inapasua masikio. Akaita jina moja, mara tatu, halafu sikumwona tena, nikaona maji tu.

"Amekufa?" niliuliza.

"Kufa kabisa," akasema yule mama huku akijifuta machozi.

Nikaamini Mamdogo naye amekufa, hukohuko chooni, amezama.

Taa ziliwaka. Yule mama alitaka kunishika mkono tutoke pamoja, nikang'ang'ania kiti kwa mikono miwili mpaka watu wake wakamwita mlangoni. Ukumbi ukabaki mtupu. Akaja mzee mwenye ufagio.

"Wewe mtoto wa nani?"

Nikanyamaza. Nilijua nikimtaja baba, ataitwa, na Mamdogo, kama yu hai, atapigwa.

"Haya, nitakufungia humu," akasema. Nadhani alikuwa akinitania. Nilijikojolea palepale.

Ndipo Mamdogo alipoingia akikimbia, viatu mkononi, miguu imejaa vumbi, hana kifurushi. Alinikumbatia mpaka nikashindwa kupumua.

"Umesema na mtu?"

"Sijasema."

Njiani, mshiko wake ukiniumiza kiganja, akataka nimweleze picha iliishaje, maana nyumbani wangemwuliza. Nikaogopa kumtajia maji. "Alirudi nyumbani," nikasema. Na ndivyo alivyomsimulia mama wakati wa chakula, bila sauti yake kutikisika. Mama akasema afadhali.

Ijumaa akaolewa. Kwa miezi mingi nilishtuka usingizini nikimwita.

Nilikuja kumwuliza nikiwa mtu mzima, nilipokwenda Pangani kumuuguza. Mumewe alikuwa amekwisha kufariki. Alikuwa mtu mwema kwake, na hilo ndilo lililonifunga mdomo miaka yote. Mamdogo alinieleza bila kuficha. Kulikuwa na kijana, dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya shamba la mkonge huko Korogwe, Mbondei, tena Mkristo, ambaye baba asingemkubali. Walikubaliana kukutana stesheni jioni ile.

"Nilikwisha kumpa kifurushi dirishani," akasema. "Mguu mmoja uko kwenye ngazi ya treni. Nikamwambia, nimemwacha mtoto gizani. Nikakimbia."

"Ungekwenda tu, Mamdogo. Yule mzee wa ufagio angenifikisha nyumbani."

Alijivutia shuka kifuani.

"Najua," akasema. "Nilijua hata siku ile."

Niliubeba woga wa jioni ile nikidhani ni wangu peke yangu. Kumbe aliyekuwa akikimbia kutoka stesheni aliogopa kunishinda: alimwogopa baba, aliogopa maisha ya ugenini, labda hata ile furaha yenyewe aliiogopa. Mimi nilikuwa sababu aliyoweza kuitaja. Sijui kama nilimwokoa au nilimzuia, na sikuthubutu kumwuliza. Nilimpoozea uji, nikamnywesha kijiko kwa kijiko, mpaka akageukia ukutani akalala.