Chafya ya Kwenye Santuri

Bendi yetu ya jazi ilirekodi santuri yake ya kwanza ndani ya stoo ya pareto kule Lanet, kwa sababu magunia yalizuia mwangwi. Vumbi la pareto nani halijui? Katikati ya wimbo mimi, mpiga ngoma, nikapiga chafya kubwa. Fundi wa mitambo akakataa kurudia. Santuri ikatoka hivyo hivyo, na Nakuru nzima ikapenda chafya yangu kuliko saksafoni. Tukipiga wimbo ule dansini bila chafya, tunazomewa.

Baadaye nikaenda kuendesha trekta Ndabibi mwaka mzima. Niliporudi, mpiga gitaa alikuwa amehamia Nairobi, wa tarumbeta ameokoka anapuliza kanisani, na kwenye ngoma zangu amekaa karani wa reli! Nikamwambia kiongozi wetu nataka kiti changu. Akasema lazima nijaribiwe kwanza.

Ngoma nilizipiga sawasawa. Wimbo ulipofika mahali penyewe, nikapiga chafya kwa nguvu zangu zote. Wanabendi wakatikisa vichwa, na kiongozi akasema:

"Pole, ndugu. Ya karani ndiyo inafanana na ya santuri."

"Ya santuri ni yangu mimi!" nikafoka.

"Basi nenda ukaisikilize vizuri, ujifunze."