Kadi ya Makamba

Kwa bei ya mbuzi wawili kila mwezi, mtu wa Kasulu aliweza kutazama mpira wote wa Ulaya. Kwa bei ya mbuzi mmoja alitazama nusu yake, na nusu hiyo hakuichagua yeye. Alipewa mechi moja ya Jumamosi kati ya timu mbili ambazo hata mama zao wachezaji walikuwa hawaziangalii, na juu ya hiyo akapewa chaneli ya mapishi, chaneli ya magauni ya harusi, mahubiri saa ishirini na nne, na simba wa Serengeti waliolala. Kila alipotaka kuongezewa fainali, aliambiwa apande kifurushi cha juu, na huko juu walikuwa wamemrundikia wapishi wengine wanne.

Reverien Nsabimana alilipa mbuzi nusu na kuona kila kitu.

Siri yake ilikuwa kadi ya Makamba. Zamani, alipokuwa mlinzi wa ghala la shirika moja huko Kibondo, alimwona fundi akimfungia bosi king'amuzi cha Kifaransa, chenye ligi zote kwa bei nafuu ya ng'ambo. Reverien hakusahau. Alipooa Uwimana, dada wa Niyonzima, alipata vitu viwili kwa posa moja: mke, na shemeji anayeishi upande wa pili wa mpaka, Burundi. Niyonzima alinunua king'amuzi kwa pesa za Reverien, akakiandikisha kwa jina lake kama sheria ya kule ilivyotaka, akakipitisha mpakani Munanila ndani ya gunia la maharage. Kila mwezi Reverien alituma pesa, na Niyonzima alipanda baiskeli hadi Makamba mjini kulipia. Miaka mitatu hakukosa hata mara moja.

Kibanda kilikuwa cha mabanzi na mabati, mabenchi kumi na mawili, na ukutani kulikuwa na cheti cha uraia cha Reverien. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, yeye akiwa mgongoni, wakapelekwa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu. Cheti alikifuata huko mwenyewe, akakitia plastiki na kukipigilia misumari minne. Siku alipokipata alimpigia Niyonzima simu, akamsomea chote, pamoja na namba na sahihi.

Mtangazaji alizungumza Kifaransa, kwa hiyo Reverien alisimama kando ya runinga na kutafsiri. Alijua maneno thelathini, mengi yakiwa ya ghalani.

"Anasema huyu beki ana watoto watatu," alitangaza. "Anasema kocha kachukia."

Hakuna aliyebisha. Aliyekuwa na hoja angelazimika kujua Kifaransa.

Mwaka 2013 kibanda kilipata mgeni, Khatibu, afisa biashara, mtu wa Pangani aliyehamishiwa Kasulu kwa kosa ambalo hakulitaja. Alikuja na kitabu cha stakabadhi.

"Leseni iko wapi, mzee? Na chombo hiki kimepita forodha gani?"

"Mheshimiwa, chombo si changu," alisema Reverien. "Ni cha shemeji yangu, yuko Burundi. Jina lililoandikwa ni lake. Mimi nakihifadhi tu, nikimpata mtu wa kumpelekea, nitampa akichukue."

Khatibu aliandika maelezo hayo, akamtaka atie sahihi, akagonga muhuri. Hakuwa mjinga; alikuwa shabiki wa Arsenal. Kuanzia siku hiyo alikaa mbele kabisa, kwenye kiti pekee chenye mgongo, na kila aliyeuliza kuhusu kibanda aliambiwa suala lipo kwenye jalada.

Basi ikafika Mei 2015. Burundi iliwaka. Watu walianza kushuka vilima vya Munanila na magodoro vichwani, na Kasulu ikajaa magari ya mashirika. Reverien aliyatazama malori yakipita kuelekea kambi ya Nyarugusu, akasema, "Wakimbizi hawa watatumaliza." Alisema hivyo akiwa ameegemea ukuta, chini ya cheti.

Jumatatu usiku wa tarehe kumi na moja, Niyonzima alipiga simu, akimwita shemeji yake muramu, kwa Kirundi chao.

"Muramu, hapa hapakaliki tena. Vijana wanazunguka na orodha. Jirani ana lori, linaondoka kesho alfajiri, ametupa nafasi mbili. Nakuja na mama."

Reverien alihesabu siku. Kadi ilikuwa inakatika usiku uleule. Tarehe thelathini ilikuwa fainali ya Kombe la FA, Arsenal na Aston Villa, na ubao ulikuwa umeandikwa nje wiki nzima. Khatibu alikuwa ameshawaambia wakubwa wa ofisi.

"Umelipia?" aliuliza.

"Muramu, nimekwambia lori..."

"Nimesikia. Malori yapo mengi. Ukishavuka utalipia wapi? Nani mwingine ana jina kwenye ile kadi? Kesho nenda Makamba ulipie kwanza, keshokutwa mnakuja kwa raha zenu. Mama yako, mabukwe wangu, ni mtu mzima, siku moja haitamtoa roho."

Kisha Niyonzima, ambaye miaka mitatu hakukosa, akasema, "Ego, muramu. Sawa."

Jumatano mchana kioo kilirudisha picha. Reverien aliketi peke yake kibandani na kutazama marudio ya mechi ya timu mbili za Ufaransa, akaridhika.

Ijumaa ikaja habari. Barabara ya Makamba ilifungwa, Niyonzima akalala huko siku mbili. Aliporudi, lori lilikuwa limekwenda siku mbili nyuma. Akampakia mama yake kwenye baiskeli na kuisukuma. Mvua za mwisho zilikuwa zinanyesha. Kikongwe alikata roho kwenye kilima kinachotazamana na Munanila, akiwa ameshaiona Tanzania. Walimzika hapohapo kwa jembe la kuazima, na Niyonzima akapelekwa Nyarugusu pamoja na wenzake wa njiani.

Uwimana alilia siku tatu. Reverien alilia naye siku ya kwanza, na kwa haki ya Mungu machozi yalikuwa ya kweli. Siku ya pili alianza kupanga matanga.

"Tutayaanua Jumapili, tarehe thelathini na moja," alisema.

"Mbona mbali hivyo, baba Melki?"

"Watu wapate nafasi. Jumamosi ile wengi watakuwa na shughuli."

Jumamosi ile, asubuhi, Uwimana alipanda gari la Nyarugusu kwenda kumwona kaka yake. Alirudi saa kumi na moja jioni, akaosha miguu, akachukua kopo la kiingilio, akaketi mlangoni kama kawaida yake. Reverien alimwona na kushukuru kwamba msiba umeanza kumtoka.

Saa moja na nusu kibanda kilikuwa kimejaa hadi hakimezi mate. Wengine walikaa mapajani mwa wengine. Khatibu alikuja na wakubwa wawili na kanzu nyeupe. Dakika ya arobaini Arsenal wakafunga, na bati moja likatoka mahali pake.

"Anasema," Reverien alipaza sauti, "bao kama hili halijaonekana Ulaya."

Mapumziko yalipofika, Uwimana aliweka kopo chini, akapita katikati ya mabenchi, akasimama mbele ya runinga.

"Mama, unatuziba," mtu alisema nyuma.

"Sichelewi." Akamgeukia mumewe. "Baba Melki, nina swali. Hiki king'amuzi ni cha nani?"

"Swali gani hilo, mama Melki? Nenda mlangoni, watu wataingia bure."

"Cha nani?"

Reverien alimtazama mkewe, kisha akamtazama Khatibu. Khatibu naye, mguu mmoja juu ya mwingine, alikuwa akimtazama yeye, na pembeni yake wakubwa wawili walikuwa wameinua vichwa kwa udadisi wa watu wa ofisi. Aseme ni chake, mbele ya mashahidi sitini atakuwa ameingiza mali ya magendo, amefanya biashara bila leseni miaka mitatu, na amelidanganya jalada lenye muhuri.

"Ni cha shemeji," alisema. "Afisa anajua."

"Ni kweli, mama," Khatibu aliunga mkono haraka, kwa ajili ya wakubwa. "Ipo kwenye maandishi. Mwenyewe yuko Burundi, akipatikana mtu anapelekewa."

"Mwenyewe yuko Nyarugusu," alisema Uwimana. "Na mtu amepatikana."

Akatoa kitambaa kwapani, akakifungua. Ndani kulikuwa na karatasi ndogo iliyofungwa kwenye nailoni.

"Amenipa hii nikuletee. Anasema asije muramu akadhani alikula hela. Mimi Kifaransa sikijui, ila namba nazisoma. Tarehe kumi na mbili, mwezi wa tano. Siku ya lori."

Reverien alinyoosha mkono kuichukua; Uwimana akairudisha kitambaani.

Uwimana aliinama na kuchomoa waya. Kioo kikawa cheusi, mluzi ukapanda kutoka benchi la nyuma hadi la mbele. Akakiweka king'amuzi ndani ya kitenge, akakifunga mgongoni kama mtoto.

"Mama, tafadhali," alisema Khatibu, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. "Zimebaki dakika arobaini na tano tu."

"Mama yangu alingoja siku mbili," alisema Uwimana, akapita mlangoni.

Wateja walirudishiwa viingilio, na wengine walirudishiwa mara mbili kwa vile walipiga kelele zaidi. Mabao matatu yaliyobaki walisimuliwa na redio ya simu. Jumatatu Khatibu alikuja na kitabu chake cha stakabadhi, akatoza faini ya miaka mitatu kwa kosa la ukumbi, kwa sababu ukumbi, alieleza, haukuwa wa shemeji. Uwimana alirudi kutoka kambini, akapika, akamtengea mumewe chakula kwa adabu zote. Ile stakabadhi ya Makamba aliipigilia kibandani kando ya cheti cha uraia, misumari minne.

Agosti ligi ilianza upya. Reverien alivumilia wiki mbili. Ya tatu alikodi bodaboda hadi Nyarugusu. Kibanda cha huko kilikuwa cha turubai, jenereta la Mkongomani lilikuwa likinguruma nyuma, na mlangoni aliketi Niyonzima, amekonda, kopo mapajani. Kadi ilikuwa hai. Makamba kulikuwa bado na binamu wa kulipia kwa jina la Niyonzima. Si wote walipata lori.

Reverien alitoa mia mbili.

"Hiyo ya mkimbizi," alisema Mkongomani aliyesimama nyuma ya Niyonzima. "Raia ni mia tano, papa."

"Muramu, mwambie. Mimi si mtu wa nje."

Niyonzima alimtazama bila chuki, kama mtu anayesoma mita.

"Una cheti, muramu. Ulinisomea chote."

Reverien aliongeza mia tatu, akaingia, akapata nafasi nyuma kabisa kwenye gogo. Mpira ulikuwa umeshaanza. Mtangazaji alipandisha sauti kwa Kifaransa, na Reverien, kwa mazoea, akainua kidole.

"Anasema kwamba..."

Bibi mmoja wa Uvira, Kongo, aliyekaa mbele yake hakugeuka hata shingo.

"Tunamusikia, papa," alisema. "Nyamaza."