Injini Mbili na Tenki Tupu

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu, na ukitaka kucheka cheka tu, maana Kariakoo nzima ilishacheka, na mimi mpaka leo naona haya kupita Mtaa wa Mchikichini mchana.

Ilikuwa Desemba, wakati sisi watu wa Kilimanjaro tunafunga maduka na kurudi nyumbani. Mama alikuwa hajaenda Moshi tangu tumzike Baba, kwa sababu magoti yake hayamruhusu kukaa kwenye kiti cha basi kutwa nzima, na kila mwaka alisema kwa sauti ndogo, "Kaburi la baba yenu litaota majani." Basi nikanunua basi dogo la haibridi, nikalitia kitanda, friji na jiko la umeme (mke wangu aliniuliza kama nina akili timamu), nikamwambia Mama safari hii atasafiri amelala.

Watu waliuliza: haibridi kwenye gari la kulala ya nini? Mimi kueleza ndiyo raha yangu. Kwenye foleni za mjini, nikawaambia, mota ya umeme inasukuma na injini inapumzika. Ukishika breki, nguvu kidogo inarudi kwenye betri. Barabara kuu faida inapungua, na betri yenyewe ni mzigo, lakini ukiegesha unapika bila moshi. Yote kweli.

Asubuhi ya safari petroli ilikuwa kidogo. Nikasema, nitajaza tukishaaga.

Sasa, kuaga Kariakoo si kupunga mkono. Unaegesha mbele ya duka, majirani wanakuja, wanakula kidogo, wanakutuma salamu. Mama akabandika sufuria la mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, kwenye jiko la umeme, kiyoyozi kinapuliza, na Bi Salma wa duka la vitambaa la ng'ambo ya mtaa (yeye na Mama ni majirani tangu mimi natambaa) akachungulia.

"Wachaga nyie! Mmejenga chumba na sebule ndani ya gari?"

"Karibu, Bi Salma," nikasema. "Sikiliza lilivyo kimya!"

Muda si muda injini ikanguruma yenyewe, ikazima, baadaye ikanguruma tena. "Linajichaji lenyewe hilo," nikasema kwa maringo, na watu wakaongezewa mtori.

Tukaagana, nikakanyaga, gari likasogea kimyakimya hadi katikati ya mtaa, likafa. Mikokoteni mbele, mikokoteni nyuma, honi kila upande.

"Mjomba, si ulisema linajichaji?" akauliza msukuma mkokoteni.

"Linajichaji kwa petroli," nikajibu chinichini.

"Sema kwa nguvu," Bi Salma akapaza sauti, "wa nyuma hawajasikia!"

Mama hakuweza kushuka. Basi wakamsukuma humohumo, amelala kitandani, pazia wazi, amekumbatia sufuria la mtori, huku vijana wakimwimbia kama bibi harusi, hadi kituo cha mafuta. Mimi niko kwenye usukani, jasho linanitoka, nikijua kwamba safari imekufa na Mama hatapanda tena gari langu.

Nikageuka. Machozi yalikuwa yanamtoka. Alikuwa anacheka.

"Baba yako alikuwa na injini moja tu," akasema, "na kila mwaka tulifika."

Nikakiona akilini kipanya cha Baba, kile kibasi chake cha zamani: godoro nyuma, sisi watoto tumepangwa kama magunia, Mama akiwasha jiko la mkaa kando ya barabara kule Mombo. Na Baba akija kuaga majirani, mikono yake ikinukia petroli. Kumbe ndiyo maana ilikuwa inanukia: alikuwa ametoka kujaza tenki.

"Nikurudishe nyumbani, Mama?"

"Nimesukumwa bure? Jaza, tunaenda."

Tulifika. Majani yalikuwa yameota kweli, akayang'oa mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, akimsimulia Baba habari za mwanawe.

Kwa hiyo usiogope gari la namna hii; ni zuri, na ukitembea sana mjini utalipenda. Kumbuka tu kwamba betri ni ndoo, bomba lake ni petroli, na jiko na kiyoyozi vinachota humohumo. Siku ya safari, jaza tenki kwanza, ndipo uage.