Kitanda Kilichosimama Peke Yake Njia ya Wamaza

Simu ililia nikiwa na misumari mdomoni.

"Fundi, kitanda chako kimefika Wamaza."

Nikatema misumari ili nipate nafasi ya kushangilia.

"Aksanti Mungu! Muzaliwa amefika salama?"

"Sikusema Muzaliwa. Nimesema kitanda. Kinga imesimama katikati ya barabara, kitanda kimefungwa juu yake, na fimbo ya kuiegemeza iko mahali pake. Mwenyewe haiko."

"Haiko namna gani?"

"Haiko, mama. Ametoweka. Na hapa hakuna mutu anataka kugusa."

Kwa ninyi mnaosoma mkiwa kwenye miji yenye lami, kinga ni baiskeli. Kwetu haipandwi, inasukumwa. Mtu anaifungia mzigo hadi baiskeli yenyewe haionekani, anafunga fimbo kwenye usukani, anaisukuma milima na mabonde. Mtu huyo akiacha kinga yake njiani na mzigo juu, ujue amekufa au anakimbia kitu kibaya kuliko kifo.

Muzaliwa hakuwa amekufa.

Ngoja nianze vizuri.

Naitwa Régina. Natengeneza vitanda, meza na milango hapa Kasongo. Ndiyo, mwanamke, na randa na msumeno. Zamani watu walinicheka wakiwa wamesimama. Siku hizi wananicheka wakiwa wamelala kwenye vitanda vyangu. Hayo ni maendeleo.

Kutengeneza hakujawahi kunishinda. Kufikisha ndiko kulikonitoa jasho.

Wateja wazuri wako mbali: Kabambare, Lusangi, Wamaza. Kule dhahabu inatoka, watu wanajenga, wanataka mlango wa maana. Lakini ile njia! Ukiiita barabara, yenyewe inashtuka.

Nilianza na Serge, kijana wa pikipiki. Nikamfungia mlango mgongoni ampeleke mteja Kabambare.

"Mama, usihofu, mimi naenda kama ndege."

Hakudanganya. Upepo ulimkamata mteremkoni, mlango ukawa bawa, Serge akaruka kweli. Yeye alitua kwenye majani. Mlango ulitua mtoni, na kwa jinsi ninavyojua maji ya kwetu, sasa hivi unatafuta bahari.

Nikahamia kwenye lori. Meza yangu ya watu wanane ilikaa njiani msimu mzima wa mvua. Ilipofika, mteja akanipigia.

"Mama Régina, hii meza mbona ina alama za tairi?"

Dereva aliitia chini ya gurudumu kujinasua kwenye tope. Na hakuona haya. Aliniambia meza ni imara sana, nisifie kazi yangu.

Hapo ndipo jina langu likabadilika. Watu wa Wamaza wakaanza kuniita Mama Vipande.

Jina kama hilo ni ugonjwa, ndugu zangu. Linasafiri haraka kuliko mzigo wowote.

Basi siku moja akanipigia Magloire, mnunuzi wa dhahabu, mtu wa Wamaza.

"Mama Vipande?"

"Régina."

"Ndiyo huyo. Mama yangu analala kwenye kitanda cha miti. Mgongo umemuisha. Nitengenezee kitanda cha libuyu, ile mbao ngumu ya msituni, kikubwa, cha heshima. Ukinifikishia kizima, milango yote ya nyumba yangu mpya ni kazi yako. Ukinifikishia vipande, nitavipanga sokoni, kila mutu aje aone kazi ya Kasongo."

Nikaelewa. Hicho kitanda kikivunjika, Wamaza imefungwa kwangu, na Wamaza ikifungwa, Lusangi itasikia kabla ya jua kuzama. Nilikwishafunga atelye, karakana yangu hii, mara moja maishani. Najua ladha yake. Siitaki tena.

Nikatafuta mbebaji kama mtu anayetafuta mchumba. Kila niliyemuuliza alinitajia jina moja: Muzaliwa.

Mikono kama mizizi, maneno machache. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba haulizi. Kule kwenye njia za dhahabu, mtu anayeuliza "hii ni nini, ya nani" huwa hazeeki. Muzaliwa anabeba, anafikisha, anarudi.

Nikamwonyesha kitanda. Nilikuwa nimekifungua: miguu huku, ubavu huku, kichwa kile chenye nakshi nimekifunika blanketi kama mgonjwa.

"Cha Magloire, Wamaza," nikasema.

Uso ukafunguka. "Magloire? Ni shemeji yangu! Mimi nimeoa dada yake, Darlène."

Na mimi, Régina, mtu mzima mwenye akili zake zote, nikafurahi.

Nikajiambia: bahati gani hii! Mzigo wa shemeji atausukuma kama anasukuma mtoto mchanga. Sikuongeza neno. Yeye, kwa tabia yake, hakuuliza neno.

Mmeshaona kosa langu? Wa kwetu wote wameshaona. Wengine wameshashika kichwa.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawachezi pamoja. Akimwona anakuja njiani, mwanamume anaingia majanini hadi apite. Hali chakula mbele yake, hamwangalii usoni. Wengine siku hizi wamelegeza, lakini Muzaliwa alilelewa na bibi yake, na bibi yake hakulegeza kitu.

Sasa mtu wa namna hiyo nimempa asukume kitanda. Cha mama mkwe.

Magloire, maana ndiye aliyekuwa amenipigia, akanimalizia kwenye simu.

"Watoto walimpokea wakiimba: kitanda cha bibi kimekuja! Akauliza, bibi gani? Wakamwonyesha mama, amekaa pale barazani. Muzaliwa akaweka fimbo, akaegemeza kinga, akaingia porini. Tangu jana."

Nikakaa chini. Juu ya randa.

Kesho yake nikapanda pikipiki, nikameza vumbi na tope kwa zamu. Nilipofika, kinga ilikuwa pale pale katikati ya njia. Ilinyeshewa, ikapigwa na jua, wala haikuyumba. Mbuzi wawili walikuwa wamepumzika kwenye kivuli chake. Watu walipita pembeni, maana anayegusa kitu cha ugomvi wa ukoo anaingia kwenye ugomvi.

Mwanamke mmoja mwenye beseni kichwani akaniona.

"Ee, Mama Vipande! Leo umeleta kizima, umepoteza mwenye kuleta!"

"Dada, mimi nauza vitanda, siuzi wanaume."

"Basi ungetuuzia, hapa wanahitajika!"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka na meno tu.

Nikamkuta Magloire na baba yake mdogo. Wameshalizungumza. Mzee akasema kubeba mbao si dhambi kubwa. Muzaliwa alete kuku, aombe radhi kupitia kwa mke wake, kitanda kiingie ndani, yaishe.

Kuku tu! Moyo wangu ukarudi mahali pake. Nikaenda kukagua mbao zangu kabla hazijaingizwa.

Hapo nikaona kitu.

Vigingi vya kuunganisha, vile nilivyovichonga mwenyewe, viwili vimepondwa vichwa. Na ubavu wa kushoto umefungwa upande wa kulia wa kinga. Nikapitisha kidole kwenye tundu. Limekwaruzwa upya.

Kitanda hiki kiliungwa, kikasimamishwa njiani. Kikafunguliwa tena.

Nikamtafuta Muzaliwa. Nilimkuta kwenye kibanda cha shamba, anatafuna karanga mbichi, macho mekundu.

"Muzaliwa, ni kuku tu. Toka."

"Si kuku tu, Mama Régina."

"Ulikisimamisha?"

Akamenya karanga nyingine.

"Muzaliwa!"

"Mvua ilinikuta ng'ambo ya mto. Chini kote siafu. Nikasema, ni kitanda cha shemeji, shemeji ni mutu wangu, hatakasirika. Nikakiunga, nikatandaza shitingi, lile turubai la plastiki, juu ya miti..."

"Ukalala."

"Mama, nililala kama askofu."

Nikashika ukuta. Ukuta wa majani, ukanikatalia.

"Na hata niliota," akaongeza, sauti imekatika.

"Uliota nini?"

"Usiniulize!"

Kubeba kitanda cha mama mkwe ni aibu. Kukilalia, hata jina lake silijui, na nimeishi sana. Mama mkwe akisikia tu, hicho kitanda hakiingii kwake. Milango ya Magloire imekwenda. Jina la Mama Vipande litazaa wajukuu.

Sitawadanganya. Nilifikiria kunyamaza. Tuliojua ni wawili, mmoja wao haongei. Narudishia vigingi, naupaka mti mafuta, mama analala, mimi natengeneza milango.

Muzaliwa akanitazama kama aliyesoma kichwani mwangu.

"Ukinyamaza, mimi sitaingia Wamaza tena maisha yangu yote. Nitamwambia nini Darlène? Mama yake analala mahali nimelala mimi, na mimi najua?"

Ndiyo taabu ya kutafuta mtu mwaminifu. Ukishampata, anakuharibia mipango.

Nikaenda kwa mama mkwe.

Mama Dieudonnée alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Mwembamba, mgongo umepinda, ulimi umenyooka. Nikapiga magoti, nikasalimia, nikazunguka mlima: mvua, mto, siafu, ukubwa wa siafu, hasira ya siafu.

"Mwanangu," akanikata, "amekilalia?"

"Ndiyo, mama."

Akaendelea kuchambua sombe. Jani moja. Jani la pili.

"Amelala vizuri?"

"Mama?"

"Nakuuliza, fundi. Alilala vizuri?"

"Anasema... kama askofu."

Kile kicheko! Sombe ikamwagika. Akacheka hadi akashika mgongo wake mbovu, akalia "aiii", akacheka tena. Magloire akatoka ndani akidhani mama amepatwa na kitu.

"Mama, nini?"

"Njoo usikie hukumu. Mimi siwezi kulalia pale alipolala mukwe wangu. Haiwezekani, hata ukinipa libuyu yote ya msituni. Hicho kitanda ni cha binti yangu Darlène. Kwa mume na mke hakina ubaya. Huyo mwoga asukume kitanda chake arudi nacho Kasongo."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nitalalia kingine. Wewe utaagiza. Kile kimelowa, kimekaushwa na jua, kimelaliwa porini, na hakijalia hata mlio mmoja. Fundi wa namna hiyo nimwache?"

Magloire akanitazama. Akatazama kinga kule njiani. Akavuta pumzi ndefu ya mtoto wa kiume aliyeshindwa na mama yake.

"Kitanda kingine basi. Na milango ni yako. Lakini, fundi..."

"Ndiyo?"

"Kiletwe na mutu asiyeoa kwetu."

Muzaliwa alileta kuku, na Mama Dieudonnée akampokea kuku huyo huku wote wawili wametazama upande mwingine, adabu kabisa. Kisha Muzaliwa akageuza kinga yake, akaanza kusukuma kitanda kile kile, milima ile ile, kurudi alikotoka. Wanawake walimsindikiza hadi mwisho wa kijiji wakiimba vitu ambavyo siwezi kuandika hapa.

Mimi nikabaki na kazi mpya: mbebaji asiye na mkwe Wamaza.

Jaribuni kumtafuta mtu huyo. Huyu ameoa kule. Huyu mdogo wake ameoa kule. Huyu ameachika kule, mbaya zaidi. Nilifanya maulizo mengi ya ukoo kuliko padri kabla ya ndoa.

Mwishowe nikampata Salomon. Kijana mgeni, alikuja kuchimba dhahabu Lusangi, dhahabu ikamkimbia, akabaki na mabega. Hana mke. Hana ndugu huku. Hana shemeji hata wa kusingizia.

"Hiki ni cha mwanamke mzee, anaitwa Mama Dieudonnée," nikamwambia, kila kitu wazi. "Usikilalie, usikikalie, usikiegemee."

"Nimesikia, mama."

Akafikisha. Kizima, hakina mkwaruzo, vigingi vyote mahali pake. Magloire alinipigia anacheka. Watu wa Wamaza walianza kuniagiza, na jina la Mama Vipande likaanza kufa taratibu. Milango ya nyumba ya Magloire, Salomon akaipeleka. Dirisha, Salomon. Kabati la baba mdogo, Salomon. Nikasema hapa nimepata, nizeeke naye.

Kila akirudi, alikuwa amenenepa kidogo.

"Wanakulisha vizuri Wamaza?"

"Wako wakarimu, mama."

Juzi amekuja atelye na shati jipya. Amekaa kwenye kigoda, anazungusha kofia mikononi.

"Mama Régina, nataka unisindikize kama mama yangu. Naenda kujitambulisha."

"Wapi, mwanangu?"

"Wamaza."

Nikaweka randa chini polepole.

"Kwa nani?"

"Kwa Mama Dieudonnée. Ana binti mudogo, Grâce. Mama mwenyewe ndiye aliniambia. Alisema, mutu anayefikisha kitanda cha libuyu bila mkwaruzo, huyo haachiwi apite."

Nilicheka hadi nikalia. Kisha nikalia bila kucheka, maana Magloire alikuwa ameniagiza kiti cha mama cha kuegemea, kizito, chenye mikono, na sasa sina wa kukipeleka. Nimeketi nacho hapa, nimekikalia mwenyewe, ndipo ninapoandikia haya.

Kwa hiyo wenye biashara ndogo na mizigo mikubwa, sikilizeni mtu aliyepigwa na njia. Ukimtafuta mbebaji, usimuulize ana nguvu kiasi gani. Muulize ameoa wapi.

Na akikuambia hajaoa, kagua kwanza kama kwa mteja hakuna binti.