Kasha la Joto la Maziwa ya Koko

Watu walinicheka mpaka basi. Mahajanga na joto lake lote, mtu anaunda kasha la kutia joto! Nilikuwa mwanafunzi wa biolojia, miaka ya themanini ndiyo inaanza, na vifaa vya kuoteshea vijidudu bei yake ilikuwa haitamkiki. Nikasema potelea mbali, nitajitengenezea changu.

Nilichukua sanduku la mbao la sabuni, nikalitandika sufi, nikafunga balbu ndogo, nikaweka bilauri ya maji ili hewa isikauke. Kidhibiti joto nilikitoa kwenye mtambo mbovu wa kuchemshia maji, uliotupwa nyuma ya hoteli moja ya Ambatoloaka, kisiwani Nosy Be, nilipokwenda kwetu likizo. Joto la mtaani hupanda na kushuka litakavyo. Vijidudu hivi hutaka joto moja tu, la mtoto anayeanza homa. Alasiri mji ukisinzia, nami nilisinzia kando ya kasha, mwanga wa manjano ukivuja kwenye nyufa, na mle ndani maziwa ya Koko yakiganda taratibu. Sijapata tena usingizi mtamu kama ule.

Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu, kwa Kikomoro. Aliishi na mama yangu kijijini Ambanoro, kule kule Nosy Be. Maziwa yake ya mgando aliyaanzisha kwa mabaki ya jana, na ya jana kwa ya juzi, hivyo hivyo tangu enzi za mama yake. Kibuyu chake hakikuijua sabuni. Nilimwomba kijiko kimoja cha kujifunzia, nikavuka nacho kwenye chupa ya jamu. Alinitania kwamba wenzangu wanalea watoto, mimi nalea maziwa.

Alipofariki nilikimbilia Nosy Be bila hata kuzima taa ya kasha. Kwetu, hitima ikisha, wanawake huosha vyombo vya marehemu na kuvitoa sadaka. Ndiyo heshima yenyewe. Basi wakakiosha na kibuyu, kwa maji ya moto na sabuni, wakakisugua hadi kikanukia. Mama alikikuta kimeanikwa juani. Hakumlaumu mtu. Alikaa chini, akaniuliza, "Yale ya kwako yangali hai?"

Nilimwambia ndiyo. Wallahi, sikujua.

Niliporudi Mahajanga balbu ilikuwa imeungua, kasha baridi, na chupa imefunikwa ukungu wa kijani. Nililia kwa hasira, nikaitukana balbu matusi yote niliyoyajua. Kisha nikautoboa ule ukungu, nikachota tone la chini kabisa, nikalitia kwenye maziwa mapya yaliyochemshwa yakapoa, nikafunga balbu nyingine. Hayakuganda. Nikachota tena, nikajilaza kando ya kasha, nikaota Koko yumo ndani anapiga gumzo na mtu nisiyemwona. Nilipoamka yalikuwa yameshikana. Siku hizi nadhani ni ule ubaridi ulioyaokoa. Kwa joto lile yangechacha yakafa.

Niliyahamisha chupa hadi chupa mpaka yakatakata, nikampelekea mama. Alionja kijiko, akafumba macho.

"Ni yale yale," alisema. "Ila yeye hayumo."

Kisha akasogeza bakuli, nimwongeze.